Jibu: Usiukarabati mchoro kabla hujajua thamani yake

Dada, umesema mchoro wa wino ulioachiwa na babu una madoadoa ya kahawia, umechanika pembeni na umebandikwa selotepu kwa nyuma, na fundi wa fremu anataka kuusafisha ndipo uuze. Nakuomba sana, asiuguse kwanza.

Wino wa zamani mara nyingi ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini, kemikali itokayo kwenye mimea. Ukilowa, chuma kinasambaa kwenye karatasi na kuila polepole. Angalia mistari minene kwa karibu: ukiona imepauka kuwa kahawia, na pengine karatasi imeanza kukatika kwenye mstari wenyewe, basi maji ni hatari. Selotepu nayo usiivute, maana itang'oka na nyuzi za karatasi.

Sasa ushike mchoro mbele ya dirisha, mwanga upite katikati. Karatasi za J Whatman, mtengenezaji karatasi wa Uingereza, kwa mfano, nyingi zina jina na mwaka ndani yake. Mwaka huo unakuambia mchoro hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Piga picha mbele, nyuma na sahihi, utume kwa nyumba za mnada kama Bonhams au Christie's. Makadirio ya awali hawatozi.

Wakisema thamani ni ndogo kuliko gharama ya mtaalamu wa kukarabati karatasi, uza ulivyo. Wanunuzi wengi wanapendelea uharibifu wa kweli kuliko ukarabati mbaya. Ila kama unaupenda, kama nyuma yake kuna kadibodi lenye asidi, litoe tu, uutundike mbali na jua.