Kuratibu au kusimamia? Mageuzi au mapinduzi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafasiri kijitabu cha kampuni ya kutengeneza vipuri, yenye viwanda katika nchi kadhaa. Chaeleza jinsi viwanda vyote vitakavyohamia teknolojia ya kidijitali kwa mpango mmoja. Nimeandika "kuratibu mageuzi ya kidijitali katika viwanda vya dunia". Mwenzangu ataka "kusimamia mapinduzi ya kidijitali". Nani yuko sawa? (Mfasiri, Malindi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitenzi chako kishikilie. Kusimamia kumetokana na simama: msimamizi ndiye mwenye amri juu ya kazi, na lawama ikija humkuta yeye. Kuratibu ni jamaa ya ratiba, kwa asili ya Kiarabu yenye maana ya kupanga. Mratibu hupanga shughuli za watu ambao kila mmoja ana mkubwa wake. Hapa Lamu twaliona hili kila mwaka kwenye Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Wageni huja kutoka mbali, vikundi na viongozi wao. Anayepanga nani aanze na nani afuate hawasimamii viongozi hao, anawaratibu.

Viwanda vyako ndivyo vilivyo. Kila kimoja kina meneja wake, mitambo yake na programu zake. Kimoja chaweza kuhesabu kuwa mtambo umesimama baada ya dakika 5, kingine kikangoja mpaka fundi aitwe. Takwimu zikifika makao makuu hazilinganishiki, hata kompyuta ziwe mpya namna gani. Lazima kwanza wakubaliane "kusimama" ni nini. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 62264, kinachohusu kuunganisha mifumo ya ofisini na ya mitambo, kinaanza kwa istilahi. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba wahandisi nao walianzia kwenye msamiati.

Mwenzako naye hakuliokota tu neno mapinduzi. Twasema Mapinduzi ya Viwanda kwa yale yaliyoanza Uingereza karne ya 18, na tangu Wajerumani watangaze Industrie 4.0 kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, "mapinduzi ya nne ya viwanda" yamezoeleka. Hilo ni jina la zama, na libaki hivyo. Kampuni yako haianzishi zama. Yabadili namna yake ya kufanya kazi huku bidhaa zikiendelea kutoka. Muulize nahodha yeyote wa Shela: chombo kikigeuka, kimeshika njia nyingine na abiria wamo; kikipinduka, watu wamo majini. Mageuzi ni ya geuka, mapinduzi ni ya pindua. "Mabadiliko" nayo si kosa, ila ni mepesi mno kwa kazi ya miaka. Hata bei ya sukari ikipanda ni mabadiliko.

"Kidijitali" liache. Wasomaji wanalijua, na "kitarakimu" litawapeleka kwenye hesabu.

Kinachonisumbua ni mwisho wa sentensi yako. "Viwanda vya dunia" ni viwanda vyote vilivyomo ulimwenguni, vya kampuni hii na vya washindani wake. Andika: "kuratibu mageuzi ya kidijitali ya viwanda vyetu vilivyoko nchi mbalimbali". "Katika" nimeliondoa kwa makusudi, kwa sababu vinavyogeuka ni viwanda vyenyewe, na "ya" inatosha kulisema hilo.