Muulize Fundi: Sufuria Moja Yamaliza Betri

SWALI: Assalaam alaykum, mwanangu fundi. Nakaa Shela, hapa Lamu. Binti yangu atajifungua mwezi ujao, inshallah, na atakuja kwangu kutimiza arubaini yake. Maji ya kumkanda mimi huchemsha kwa koili ya stima, na stima siku hizi hukatika bila taarifa. Kijana wa dukani ameniambia ninunue inveta, ile mashine ya kugeuza stima ya betri iwe kama ya nyumbani, na betri moja ya 100, ati itachemsha maji na kuwasha taa, feni na friji. Pesa anazotaka ndiyo akiba yangu yote. Nitoe?
Mama wa Binti, Shela

JAWABU: Wa alaykum salaam, mamangu. Mungu amjalie binti ajifungue salama. Pesa usizitoe kwanza. Keti nikupigie hesabu ambayo kijana hakukupigia.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, kwa maandishi ina wati-saa 1,200, yaani wati mara saa. Kama ni hizi za kawaida zenye tindikali, nusu tu ndiyo halali yako, kwa sababu ukiinyonya hadi chini kila siku haitadumu. Zimebaki 600. Inveta nayo hula chake, kwa hivyo zinazokufikia mkononi ni kama 500. Sasa tia sufuria ya lita 5. Maji ya tangi huku kwetu tuseme yana nyuzi 28. Kuyafikisha nyuzi 100 kunataka wati-saa 420, na hapo sijahesabu joto linalopotea hewani. Sufuria moja tu, mamangu, na betri imekwisha kabla ya isha. Na koili yenyewe huvuta wati 1,000 na zaidi, hivyo inveta ndogo itajizima hata kabla maji hayajapata uvuguvugu.

Kitu chochote ambacho kazi yake ni kutoa joto, iwe koili, birika au pasi, usikitie kwenye betri. Miaka 26 nimefanya kazi hii, na wateja wengi waliokuja kunililia kwamba wameuziwa betri mbovu niliwakuta na betri nzima kabisa. Walikuwa wanapikia nayo.

Moto tafuta kwenye gesi. Mtungi mdogo wa kilo 6 una nguvu ya kama wati-saa 75,000. Hata nusu ikipotelea pembeni mwa sufuria, bado utachemsha lita zako 5 zaidi ya mara 80. Lita 5 zinazochemka ukizichanganya na lita 15 za baridi, unapata ndoo ya nyuzi 46 hivi. Utapunguza au kuongeza kwa mkono wako, kazi hiyo unaijua kuliko mimi. Na jioni stima ikiwapo, chemsha mapema ujaze themosi mbili kubwa. Alfajiri mtoto akiamka hutakuwa na haja ya kuwasha chochote.

Mtungi ukae wima, pahali penye hewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala chini sakafuni ikangoja cheche. Ukifunga regyuleta, paka povu la sabuni kwenye kiungo na kwenye mpira. Likitoa mapovu, funga, wala usiguse swichi ya taa. Kama nyumba yako ni ya kizamani yenye kidari cha meko huko juu, pikia huko. Wazee walipopandisha meko juu moshi ukapata njia yake.

Sasa nina jambo moja ambalo nakuomba kama mwanao. Wako wanaopenda kumtilia mzazi seredani ya makaa chumbani apate joto, na wanafunga madirisha ili upepo usimpige. Usifanye. Makaa hata yakiwa mekundu bila moshi hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na mtu aliyelala haamki. Mtoto mchanga huathirika upesi. Chetezo cha udi cha dakika chache, dirisha likiwa wazi, kisha kikatolewa nje, hicho ni kingine. Makaa yasikeshe na mtu chumbani.

Na betri je? Inunue, lakini kwa kazi yake. Feni ya wati 50 kwa saa 8 hula wati-saa 400. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa 5 hula 50. Jumla 450. Betri ileile iliyoshindwa na sufuria moja itampepea mzazi na mwanawe usiku kucha, na taa juu. Friji iache nje ya hesabu hii. Ukiifunga usiifungue, hushika baridi kama saa 4. Kwa kazi hiyo inveta ndogo inakutosha, na bei yake haifanani kabisa na ile uliyotajiwa. Ukibakiwa na kitu, ongeza paneli ya sola juu ya paa lako. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la kaskazi hukurudishia wati-saa 400 hivi kwa siku, hata stima isiporudi. Masika usiitegemee hivyo.

Betri isilale chumbani kwa mzazi. Ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, basi iwekwe ukumbini penye upepo, juu ya ubao. Hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya betri mpaka vinaota unga wa kijani. Visugue, kaza nati, kisha paka grisi au vaselini. Mara moja kwa mwezi tazama maji yake, na uongeze maji ya betri ya dukani tu. Maji ya kisima yana chumvi, yataiua.

SWALI: Kaka fundi, nauza samaki, stoo yangu iko pwani na nyumbani ni Langoni. Nimenunua jenereta ndogo ya petroli kwa ajili ya friza. Rafiki amenitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, nichomeke upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima iwake. Kuna ubaya wowote?
Muuza Samaki, Langoni

JAWABU: Ndugu yangu, ukimaliza kusoma mstari huu chukua koleo, kata waya huo vipande viwili.

Plagi ya upande wa pili ina meno wazi yenye volti 240. Mtoto akiishika, basi. Na si nyumba yako peke yake. Stima unayoitia kwenye soketi hutoka kwa mita ikarudi kwenye nguzo, ikafika kwenye transfoma, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili: volti zako 240 zinageuka 11,000 au zaidi. Kule juu ya nguzo kuna kijana anayeunganisha waya akijua hauna stima. Unaweza kumuua mtu ambaye hujamwona. Kinachotakiwa ni swichi ya chenji-ova, ambayo ikiunganisha jenereta huwa imekwisha kuutenga waya wa nje. Aifunge fundi mwenye leseni.

Lakini wewe hata hiyo huihitaji. Jenereta iache stoo pwani, iweke nje kabisa, mbali na madirisha ya watu, na uchomeke friza moja kwa moja. Langoni usiilete. Vichochoro vyetu punda wawili hupishana kwa taabu, na moshi wa jenereta haupati pa kwenda.

Hili sikusimuliwa. Mwaka 2023, Ijumaa tarehe 25 Agosti, usiku stima ilipokatika karibu Kenya nzima, niligongewa mlango na jirani. Alikuwa ameweka jenereta kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba yake, akaona pale pako wazi juu, moshi utapanda. Ulipanda, ukaingia madirisha ya ghorofani. Watoto watatu walilalamika kichwa, mmoja akatapika, mdogo wao hakuamka alipoitwa. Tulimbeba kwa miguu hadi hospitali, baba yake mbele na mimi nyuma na tochi, na nakumbuka uzito wa ule mkono mdogo ulivyoning'inia. Alhamdulillahi alipona. Mashine ilikuwa nzima, mpya, haina kasoro. Ilikuwa pahali pabaya tu.

Kuhusu samaki wako, huna haja ya kuchoma petroli usiku kucha. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama 24. Jaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji yaliyoganda. Zungushia blanketi, lakini upande wa injini uache wazi, ili ikiwashwa ipumue. Kisha endesha jenereta saa chache asubuhi na saa chache jioni. Petroli utie ikiwa imezimwa na imepoa, na isiwe chini ya makuti.

SWALI: Babangu ni mgonjwa wa sukari, anatumia insulini, na tuko Matondoni. Stima ikikatika siku mbili dawa itaharibika? Ninunue friji ya sola?
Kijana wa Matondoni

JAWABU: Mwanangu, uliza pia mfamasia wa kituo chenu, atazame jina la dawa yenyewe. Kwa kawaida chupa ambayo bado haijafunguliwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na iliyoanza kutumika huweza kukaa nje kama wiki 4 mradi joto lisipite nyuzi 30. Kwetu kwenye kaskazi nyuzi 30 zinapitwa mchana, kwa hiyo tumia njia ya udongo. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uweke ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga, mchanga uuloweshe asubuhi na jioni. Dawa itie ndani ya mfuko mkavu, funika kwa kitambaa chenye maji, weka kivulini penye upepo. Maji yakikauka huondoka na joto. Weka kipimajoto humo ndani, bei yake ni ndogo. Dawa usiigandishe wala usiilaze juu ya barafu. Ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Friji ya sola ni nzuri, lakini anza na mtungi leo jioni, kabla baba hajalala.