Rangi ya DNA inajuaje hiki ni kirusi?

SWALI: Mambo vipi wahariri, nasomea maabara chuo fulani hapa Dodoma, juzi mwalimu ametaja rangi ya SYBR Green kupima VVU kwa PCR, ile njia ya kunakili DNA mzunguko kwa mzunguko, nikachanganyikiwa, si tulifundishwa VVU ana RNA? Sasa rangi ya DNA inashika nini, na inatofautishaje DNA ya kirusi na ya mtu? Halafu ile rangi nyingine ya DNA, DAPI ya bluu kwenye darubini, ile inaonyesha virusi?

JIBU: Poa mdogo wangu, na umeuliza swali la maana kweli. Ni kweli kirusi kinabeba RNA, ila kikishaingia kwenye seli ya CD4 kinaigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya chake, rivasi transkriptasi, halafu hiyo DNA inajipachika kwenye DNA ya mtu na kukaa humo miaka na miaka hata kama anameza ARV vizuri, na hiyo ndo watafiti wa tiba wanaihangaikia. Ukitaka kupima RNA ya kwenye plazma nayo unaigeuza kwanza DNA kwenye tyubu.

Sasa SYBR Green haijui kirusi wala mtu. Inang'aa kijani ikikaa kwenye DNA ya nyuzi mbili, yoyote ile. Zinazochagua ni praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, zile zinazonakilisha kipande cha VVU tu, mwanga unaongezeka kila mzunguko. Shida ni kwamba praima zikishikana zenyewe kwa zenyewe rangi inang'aa vilevile na mashine inakuandikia pozitivu, yaani unaweza kushangilia uchafu. Ndo maana mwishoni unapandisha joto taratibu mpaka kama 95, nyuzi zinaachana mwanga unashuka, kipande chako kina joto lake la kuachia na zile praima zilizoshikana kwa kawaida huachia mapema zaidi. Usiruke hapo hata siku moja, na tyubu isiyo na sampuli iwepo kila mara! Vipimo vya wagonjwa mara nyingi vinatumia probu, kipande cha DNA chenye rangi kinachoshika kipande cha VVU tu, kwa sababu hiyohiyo.

DAPI hapana, bluu unayoona ni kiini cha seli. DNA ya VVU ni kama herufi 9,700 tu ndani ya bilioni 6 za mtu, huwezi kuiona kwa rangi hiyo. Kazi yake ni kukuonyesha mpaka wa kiini, kirusi wanakiwekea protini ya kijani kisha wanaangalia kama ile nukta imeingia ndani ya bluu au imebaki nje.