Kirefu cha MS ni kipi?

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa ripoti ya daktari niitafsiri. Katikati ya ukurasa palikuwa na herufi mbili: MS. Sikusita. Kirefu chake nilikijua, multiple sclerosis, ule ugonjwa unaoharibu utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo, nikaandika hivyo na kusonga mbele. Usiku daktari aliyepitia kazi yangu akanipigia simu. Mgonjwa hakuwa na tatizo lolote la neva. Ripoti ilihusu moyo, na MS ile ilimaanisha mitral stenosis, yaani kusinyaa kwa vali ya mitra, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Mistari miwili juu yake ilitajwa vali nyingine. Niliisoma, nikaipita.

Tangu hapo, nikikuta kifupisho nasoma kwanza maneno yaliyokizunguka. Nakushauri nawe ufanye hivyo, hasa pale unapojiona una uhakika.

MS kwa mwanachuo ni shahada ya uzamili ya sayansi. Kwa mchunguzi wa maandiko ya kale ni mswada wa mkono, na ikiwa mingi huandikwa MSS. Kwenye anwani za Marekani ni jimbo la Mississippi. Ukiandika ms ni milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiandika Ms ni megasekunde, yaani sekunde milioni moja, siku 11 na nusu hivi. Kwa hiyo usiguse ukubwa wa herufi kwa ajili ya urembo.

Hospitalini ndiko kunakonitia hofu zaidi. MS ilitumika kwa mofini salfeti, dawa ya maumivu makali, na pia kwa magnesiamu salfeti, anayopewa mama mwenye kifafa cha mimba. Mwaka 2004 Joint Commission, shirika linalokagua hospitali Marekani, liliiingiza kwenye orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa katika maagizo ya dawa. Jina liandikwe lote. Sioni kwa nini sisi wengine tusifanye vivyo hivyo: kirefu kwanza, kifupisho baadaye.

Kamusi ya vifupisho itakupa maana kumi, lakini haitakuchagulia. Muulize aliyeandika. Nisipompata, naziacha herufi kama zilivyo na kuweka alama pembeni. Mteja mmoja alilalamika kwamba nimemrudishia kazi nusunusu. Nilimweleza sababu, na kesho yake akaniletea kirefu. Hakikuwa kile nilichokidhania.