Kuchangia Krita bila kujua C++

Umeuliza kama mtu anayechora tu, asiyejua kuandika programu, anaweza kuchangia maendeleo ya Krita, programu huria ya kuchorea. Anaweza, na kwa maoni yangu pa kuanzia ni ripoti za hitilafu, kwa sababu hitilafu ambayo mtengenezaji hawezi kuiona ikitokea kwenye kompyuta yake ni vigumu mno kuirekebisha. Ripoti inayofaa hutaja toleo la programu, mfumo endeshi na aina ya tableti ya kuchorea, kisha hueleza hatua kwa mfuatano: nilifungua turubai mpya, nikaizungusha, nikachora, na mstari ukatokea pembeni mwa ncha ya kalamu. Kabla ya kuituma kwenye bugs.kde.org, tovuti inayopokea ripoti hizo, hakikisha kwamba haijaripotiwa na mwingine.

Msimbo wenyewe umeandikwa kwa lugha ya programu ya C++ pamoja na maktaba ya Qt (mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa), na kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa kwa mara ya kwanza hudai subira (pamoja na nafasi ya kutosha kwenye diski). Anayejua kidogo lugha ya Python ana njia nyepesi zaidi, yaani kuandika programu-jalizi, programu ndogo za nyongeza ambazo hufanya kazi ndani ya Krita iliyokwisha kusakinishwa. Mwongozo wa matumizi na tafsiri pia hupokea wachangiaji.