Macho yamepungua, ila mtoto bado ni wako

Kinamama mnaoniuliza nalea vipi na macho haya, jibu langu fupi ni kwamba msaada huku uswahilini upo tele, kazi ni kuupanga. Usipoupanga wewe watakupangia wao, na wakikupangia wao utashtukia mtoto kashapelekwa kwa bibi yake mkoani "mpaka mama apate nafuu", sasa nafuu gani, presha ya macho nuru ikishapotea hairudi, yale matone kazi yake kulinda iliyobaki tu.

Mi ndo ninayo hiyo, hospitali wanaita glakoma. Ilianza kula pembeni huku mbele naona, ndo mana watu walisema naringa, mbona jana kanisalimia leo kanipita. Mtoto wa pili nimemzaa pembeni kote kumeshafunga.

Kwa hiyo gawa kazi, usimgawe mtoto. Ukimwambia jirani "nisaidie mtoto" atambeba, atamwogesha, atamlisha, na wewe umekaa hapo mkekani kama mgeni uliyekuja kumtazama mzazi. Mwambie kitu kimoja kinachoisha. Dada, nisomee tarehe kwenye kadi. Shoga, hebu niangalizie huu upele, una maji au mkavu? Unachoazima ni jicho, mikono unayo, na kuogesha kunyonyesha kubeba vyote vya mikono. Tena mtoto mfunge mgongoni na kanga, mkono wa fimbo unabaki huru na unamsikia hadi anavyopumua.

Dawa ya maji usipime kwa kijiko kabisa. Chukua bomba la plastiki lile la kunyweshea, muombe mfamasia akate alama kwenye kile kijiti unachovuta, pale dozi ilipo, ukivuta kucha ikigusa ile alama unasimama. Chupa ya homa ifunge raba bendi moja, ya kikohozi mbili. Mtoto akiongezeka kilo dozi inabadilika, basi tafuta bomba jipya, lile la zamani tupa.

Akianza kutambaa mvalishe njuga mguuni, wacha wacheke. Jiko la mkaa na ndoo ya maji havikai chini, hilo halina mjadala.

Kliniki sasa. Chanjo za wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua miezi 9 na 18, zote weka kwenye simu, washa TalkBack, ile sauti ya simu ya Android inayosoma kilichoandikwa, ikusomee, ukizoea hutaki tena kuombaomba watu wakusomee meseji zako za hela. Ila kinachoniudhi ni manesi wengine wanaongea na aliyenisindikiza, "mwambie arudi mwezi ujao", mimi nipo hapohapo na masikio yangu mazima! Nasema kwa upole tu, dada, mama wa mtoto ni mimi, niambie mimi. Na ukiwa na mimba au unanyonyesha mwambie daktari wa macho kabla hajakuandikia matone maana yapo yasiyofaa, na ukishadondosha bonyeza ile kona ya jicho karibu na pua dakika mbili hivi, dawa isishuke sana mwilini.

Halafu na wewe toa, jamani. Msaada wa upande mmoja unachosha watu hata kama hawasemi. Mi Jumamosi nawasuka watoto wa nyumba nzima, vidole vinajua njia, na kikoba nacheza kama wenzangu. Ukitaka mtaji mkubwa zaidi kaulize halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani wanayokopesha vikundi, asilimia 2 imetengwa kwa sisi wenye ulemavu, ingawa mlolongo wa makaratasi jiandae.

Mtoto wako mkubwa usimkatize shule akuongoze njia. Kuna wazee wataona ndo adabu, mi naona ni dhuluma. Chama cha Wasioona kipo, waulize nani wa kukufundisha kutembea na fimbo nyeupe.

Na ndugu zako wapimwe maana hii kitu inatembea kwenye ukoo, na haiumi, mtu haisikii mpaka imeshakula. Mdogo wangu nilimburuza mwenyewe, kakuta presha ya macho iko juu, kaanzishiwa matone na anaona vizuri tu mpaka leo. Watoto nao, hata wadogo, wapelekeni kwenye hospitali zenye kitengo cha macho cha uhakika, CCBRT kwa wa Dar, KCMC kwa wa Moshi na Arusha, na mkifika semeni wazi kwamba mama ana glakoma, msingoje kuulizwa.