Makula, wazoa taka na unga wa Kariakoo: maswali yenu ya macho

Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 71. Alitolewa mtoto wa jicho akaona vizuri, sasa anasema nguzo ya umeme nje imepinda, na nikikaa mbele yake anaona masikio yangu, uso hauoni. Kliniki wamesema ni makula kuchakaa na kwamba kinga ya mwili inachangia. Kinga inaharibuje jicho? (Msomaji, Mbagala Rangi Tatu)

Marahaba. Umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea. Makula ni kieneo kidogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jina halihusiani na kula, ingawa walaji wapo, utawaona sasa hivi. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, huku mbele. Kuutoa hakurudishi kilichochoka nyuma.

Retina ina seli zake za kinga, maikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega alizitambulisha mwaka 1919, akichunguza ubongo. Zifikirie kama vijana wa taka wa mtaani kwako: siku ya kawaida zinapita, zinachungulia, zinazoa mabaki. Umri ukienda, uchafu hulundikana chini ya retina kama vidoa vya manjano, tunaviita druseni. Hapo maikroglia huhama kituo chao na kushukia kwenye seli zinazopokea mwanga, na seli nyingine za kinga, makrofaji, huingia kutoka kwenye damu. Kuzoa zinazoa, ila zinamwaga na kemikali za kuleta uvimbe. Katika panya wenye ugonjwa wa kurithi wa retina zimeonekana zikimeza hata seli ambazo bado ni nzima. Umetoa mfuko wa taka, vijana wameondoka na ndoo.

Halafu kuna komplementi, protini za damu zinazobandika alama kwenye kitu cha kuliwa. Mwaka 2005 makundi kadhaa ya watafiti yaligundua kwamba watu wengi wenye makula iliyochakaa wana kasoro ya kurithi kwenye protini inayofanya kazi ya breki ya mfumo huo. Breki ikilegea, alama zinabandikwa ovyo.

Mama arudi kliniki wiki hii, asisubiri tarehe ya kadi. Mistari kupinda inaweza kuwa dalili ya aina yenye mishipa inayovuja, na hiyo ina sindano inayosaidia ikiwahiwa.

Kariakoo wananiuzia unga wa kuongeza kinga, eti unasafisha macho. Ninunue? (Msomaji, Ilala)

Hapana. Umesoma jibu la juu? Tatizo la mama yule si kinga kupungua, ni kinga isiyojua kutulia. Kuichochea zaidi sioni kunamsaidia nani, zaidi ya muuzaji.

Kilichopimwa kwa kina ni mchanganyiko mmoja: vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa wenye makula iliyochakaa kwa kiwango cha kati, lakini hauzuii ugonjwa kwa mtu mzima wa afya. Mchanganyiko wa mwanzo ulikuwa na beta-karotini, ikaondolewa kwa sababu iliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji. Kama unavuta, acha sigara kwanza. Hiyo haina bei.

Nimesikia kuna sindano mpya ya makula kavu. Inarudisha kuona? (Msomaji, Tabata)

Hairudishi. Makula kavu ni ile aina isiyo na mishipa inayovuja. Marekani iliidhinisha mbili mwaka 2023, pegcetacoplan na avacincaptad pegol. Zote huzuia komplementi na hupunguza kasi ya kidonda cha retina kutanuka. Unachomwa ndani ya jicho tena na tena, na zinaweza kuamsha ile aina ya kuvuja. Usiuze kiwanja kwa ajili yake.

Presha ya macho nayo ni kinga? (Msomaji, Kimara)

Kwa sehemu, huenda. Mwaka 2018 utafiti wa panya ulionyesha presha ikipanda, seli za T, askari wengine wa kinga kutoka kwenye damu, huingia kwenye retina na kuendelea kuharibu neva hata presha ikishashuka. Kwa binadamu tiba bado ni kushusha presha, kwa hiyo usiache matone yako.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Chuma kilipasua jicho la kushoto, haoni kabisa. Daktari anataka kulitoa ili kulinda la kulia. Nyumbani wanasema tunatishwa. (Msomaji, Kigamboni)

Hamtishwi. Vilivyomo ndani ya jicho kwa kawaida vimefichwa mbali na kinga. Jicho likipasuka, kinga inaviona kama vitu vigeni, inajifunza kuvishambulia, kisha inavifuata kwenye jicho lililobaki, wiki au hata miaka baadaye. Ni nadra, lakini hutokea. Louis Braille, Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta ya wasioona, alijichoma jicho kwa msharasi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu. Akiwa na miaka mitano alikuwa haoni kabisa, na wengi wanaamini ni hili lililompata.

Jicho lililokwisha kabisa kwa kawaida hushauriwa kutolewa ndani ya wiki mbili tangu ajali, kwa hiyo hesabuni siku. Na jicho la kulia likianza kuwa jekundu, kuumia kwenye mwanga au kuona ukungu, apelekwe siku hiyohiyo. Siku hizi kuna dawa za steroidi za kuituliza kinga, ambazo Braille hakuwa nazo. Akirudi kazini, miwani ya fundi ivaliwe usoni. Wengi nawaona wameipandisha kwenye paji la uso.